Vocha za zawadi mtandaoni: kwa nini haziuziki, na mauzo hutoka wapi hasa

Anayefungua biashara ndogo ya vocha za zawadi mtandaoni huanza karibu kila mara kwa njia moja. Anaongea na saluni mbili tatu, mgahawa mmoja wa ufukweni, labda na duka la vipodozi. Kijana wa steshenari anamtengenezea kadi nzuri yenye utepe mwekundu. Anafungua ukurasa wa Instagram, anaweka namba ya WhatsApp ya biashara na Lipa Namba. Wiki ya kwanza wananunua marafiki na ndugu. Valentine inaleta wateja kadhaa. Baada ya hapo kimya, na ndipo anapoanza kulipia matangazo. Matangazo yakishakula mtaji, anaambiwa na kila mtu kwamba Waswahili hawajazoea mambo ya vocha.

Maelezo hayo siyakubali. Mtu aliyeko mjini anayemtumia mwenye duka wa kijijini hela ili mama yake awe anachukua sukari, unga na sabuni kidogokidogo, ameshanunua vocha. Haina karatasi wala utepe, lakini kila kitu kingine kipo: mmoja amelipa leo, mwingine atachukua kesho, na wa tatu katikati ameaminiwa na wote wawili. Desturi hiyo ina umri mkubwa kuliko simu zetu. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kwa nini watu wanamwamini mwenye duka yule na hawakuamini wewe, na pia kwa nini wanunue kwako wakati wana njia rahisi zaidi mfukoni.

Njia hiyo rahisi ni kutuma pesa. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo hakuna zawadi inayofika haraka kuliko muamala. Muuza vocha anayedhani anashindana na muuza vocha mwenzake anatazama upande usio wenyewe. Mshindani wake ni kidole kinachobonyeza “Tuma Pesa”.

Wachumi nao wangekuwa upande wa kidole hicho. Mwaka 1993 Joel Waldfogel, mchumi wa Marekani aliyekuwa Yale, alichapisha utafiti uliopata umaarufu mkubwa. Aliwauliza wanafunzi zawadi walizopewa Krismasi wao wenyewe wangezilipia kiasi gani, akalinganisha na gharama ya mtoaji. Akaona kwamba kati ya sehemu ya kumi na theluthi moja ya thamani ilikuwa inapotea, kwa sababu mtoaji huchagua kitu ambacho mpokeaji asingekichagua. Kwa hesabu hiyo, pesa taslimu ndiyo zawadi isiyopoteza chochote.

Lakini pesa taslimu ina udhaifu wake, na vocha inaishi ndani ya udhaifu huo. Ukimtumia dada yako 50,000 ili akapumzike saluni baada ya kujifungua, hela hiyo ikifika inakutana na umeme uliokwisha, ada ya mtoto mkubwa na jirani aliyefiwa. Hatafika saluni. Hajakosea, hela isiyo na jina huenda kwenye shida iliyo karibu zaidi. Pili, kuna watu ambao kuwapa hela taslimu kunaleta tafsiri mbaya. Mwalimu aliyemsaidia mwanao kufaulu, muuguzi aliyemhudumia mzazi wako kwa upole, bosi anayestaafu: noti mkononi mwa hao hufanana na malipo, au na kitu kibaya zaidi. Tatu, mpokeaji mwenyewe wakati mwingine anahitaji ruhusa ya kujitendea vizuri. Mama wa miaka 60 hawezi kutoa 40,000 yake kwenda kukandwa mgongo hata akiwa nayo. Akipewa tayari imelipiwa, anakwenda.

Kutokana na hayo unaweza kuamua uuze nini, na huu ni uamuzi unaobadilisha mauzo kuliko rangi yoyote ya kadi. Vocha iliyoandikwa “TSh 50,000” inashindana na muamala ana kwa ana, na inashindwa, kwa sababu ni hela ileile iliyofungwa miguu. Vocha iliyoandikwa “mama anapimwa macho na kupewa miwani” au “gesi ya mtungi mdogo, mara tatu” au “kusuka, kuosha miguu na chakula cha mchana, kwa mama aliyetoka uzazini” inauza jambo ambalo muamala hauwezi kulifanya. Mnunuzi anaona sura ya mtu wake akiwa katika tukio hilo. Na bei haionekani kwa mpokeaji, jambo ambalo kwenye familia zetu linaondoa maneno mengi.

Vocha ya huduma ina mtego wake, nao ni bei. Ukiuza “gesi mara tatu” Januari na bei ikapanda Machi, tofauti analipa nani? Kama hamkuandikiana, utalipa wewe. Mwombe mwenye huduma ashikilie bei kwa muda mtakaokubaliana, au jiwekee akiba ndogo ndani ya bei. Na kwa vitu ambavyo bei yake inayumba kila mwezi, kama gesi na mafuta ya kupikia, uza idadi ndogo na muda mfupi wa kuchukua, ukimweleza mnunuzi sababu kabla hajalipa.

Hesabu ya tangazo

Tuchukue mfano wa kubuni lakini wa kawaida. Saluni inakuachia kamisheni ya asilimia 10, kwa hiyo vocha ya 50,000 inakupa 5,000. Umelipia tangazo la 60,000. Watu 30 wamekuandikia WhatsApp, wengi wakiuliza “bei?” na kuishia hapo. Wanne wamenunua. Umepata 20,000 kwa tangazo la 60,000, na bado hujahesabu bando, bodaboda na jioni uliyotumia kujibu maswali.

Muuzaji mwingi akifika hapa hufanya moja kati ya mawili: anatafuta tangazo la bei nafuu zaidi, au anajiongezea kamisheni kwa kumpandishia mnunuzi bei. Kupandisha bei juu ya ile ya saluni yenyewe ni kosa, kwa sababu mpokeaji ataona bei ukutani siku atakayokwenda, na mnunuzi ataambiwa. Unachoweza kufanya ni kuangalia kile ambacho hesabu hiyo imekiacha. Wanunuzi wanne wamekuletea wapokeaji wanne. Hao hujawalipia tangazo. Watu wanne watakaa kwenye kiti cha saluni kwa jina lako, na kila mmoja ana mashoga, ana kikoba, ana kwaya au madrasa, na ana tukio linalokuja ambalo atatakiwa kutoa zawadi. Kama mambo yao yakienda vizuri na nusu yao wakanunua mara moja kwa mwaka, na waliowanunulia nao vivyo hivyo, biashara inaanza kujiendesha. Mambo yao yakienda vibaya, hakuna tangazo litakalofukia shimo hilo.

Kamisheni yenyewe inaweza kuongezeka kwa haki, lakini kwa kumfahamu mwenye saluni. Jumamosi viti vyake vimejaa, na mteja wa vocha siku hiyo anamchukulia nafasi mtu ambaye angelipa bei kamili. Jumanne viti vitupu na wasusi wanacheza na simu. Mwambie: vocha zangu ni za Jumatatu hadi Alhamisi, niachie asilimia 15 au 18. Wengi watakubali, kwa kuwa mteja wa Jumanne ni wa nyongeza kabisa. Mwonyeshe pia kwamba mwenye vocha mara nyingi huongeza hela yake juu, akaja kusuka akaondoka na mafuta ya nywele. Sharti la siku liandikwe mbele ya kadi kwa herufi zinazosomeka. Likifichwa nyuma, aibu itampata mpokeaji.

Dada wa mapokezi

Kama ningepewa nafasi ya kuangalia sehemu moja tu ya biashara ya vocha inayosuasua, nisingefungua ukurasa wake wa Instagram. Ningekwenda saluni na vocha mkononi, bila kujitambulisha, Jumanne saa nne asubuhi.

Makubaliano yalifanywa na mwenye saluni. Anayekutana na mpokeaji ni dada wa mapokezi, aliyeajiriwa mwezi uliopita, ambaye hajaambiwa kitu. Anaitazama kadi, anaigeuza, anasema, “Hii sijui, ngoja nimpigie bosi.” Bosi hapatikani. Wateja wawili kwenye kochi wamegeuka kutazama. Mama aliyevaa vizuri kwa ajili ya siku yake sasa anaonekana kama mtu aliyekuja kuomba cha bure. Hata bosi akipokea simu baada ya dakika kumi na mambo yakaisha, kilichoharibika kimeharibika. Akirudi nyumbani hatamwambia aliyemzawadia kilichotokea, maana hataki kumvunja moyo. Atasema tu “ilikuwa nzuri, ahsante.” Wewe hutapata malalamiko hata moja, na hutajua kwa nini hakuna anayerudi kununua. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika biashara hii: zawadi iliyokusudiwa kumheshimisha mtu inamdhalilisha mbele za watu, na muuzaji yuko nyumbani anarekebisha rangi za tangazo.

Dawa yake haihitaji programu ya gharama. Nenda mwenyewe kwenye kila kaunta, ongea na kila anayekaa pale, zamu ya asubuhi na ya jioni. Bandika karatasi moja ndani ya droo au nyuma ya kaunta: picha ya kadi, hatua tatu za kufanya, na namba moja ya simu inayopokelewa siku zote wakati wa kazi. Mpokeaji aombwe kupiga simu kuweka miadi kabla ya kwenda, na asubuhi ya siku hiyo wewe mtumie dada wa mapokezi ujumbe: “Leo saa nne anakuja Mama Neema, huduma zote zimelipiwa, tafadhali mpokee vizuri.” Ujumbe huo wa sekunde chache humfanya mteja aitwe kwa jina anapoingia.

Kisha mlipe mwenye saluni siku hiyohiyo, mara tu huduma inapokamilika, kabla hajakukumbusha. Wauzaji wengi hukusanya hadi mwisho wa mwezi, na mwenye saluni anaanza kuona wateja wa vocha kama watu wanaokula kwa mkopo. Akilipwa ndani ya saa moja, mteja wako anakuwa mteja anayependwa kuliko wote. Na huyo dada wa mapokezi, ukimpa 1,000 kwa kila vocha iliyokwenda vizuri, ataanza yeye mwenyewe kuwauliza wateja wake wa kawaida kama hawana ndugu wa kumzawadia.

Zawadi isiyo na cha kushika

Zawadi kwetu hutolewa hadharani. Kwenye kitchen party mtu anakwenda mbele akicheza na sufuria zake kichwani, vigelegele vinapigwa, mshereheshaji anataja jina. Kwenye send-off, kwenye arobaini ya mtoto, kwenye mahafali, watu wanataka kuonekana wametoa. Sasa mtu huyo ukimuuzia namba ya vocha kwenye WhatsApp, atacheza na nini?

Hapa biashara za mtandaoni hujipunguzia mauzo kwa kushikilia kwamba mtandaoni maana yake ni bila karatasi. Kununua kuwe mtandaoni. Kutoa kunahitaji kitu cha mkononi. Kadi ngumu kwenye bahasha nzuri, au kiboksi kidogo chenye kipande cha kitenge na kadi ndani, inayopelekwa na bodaboda hadi mlangoni au ukumbini, inaweza kuuzwa kwa nyongeza ya 5,000 au 10,000 ambayo mnunuzi huilipa bila kinyongo, kwa sababu umemwepushia aibu ya kwenda mikono mitupu. Kwa mauzo mengi nyongeza hiyo inazidi kamisheni yenyewe. Namba ya WhatsApp ibaki kwa wale wa dakika za mwisho, waliokumbuka siku ya kuzaliwa saa mbili usiku. Hao nao ni wengi, na kwao kasi ndiyo bidhaa.

Vikundi vinavyochanga navyo visisahaulike. Kamati ya harusi, wafanyakazi wa idara moja, wazazi wa darasa la saba wanaotaka kumuaga mwalimu: wanachanga 5,000 kila mmoja, kisha wanabishana wiki nzima wanunue nini. Watengenezee njia ya kuchangia kwenye Lipa Namba yako kwa jina la tukio, na orodha ya waliochanga itumwe kwenye kundi lao kila jioni. Umemwondolea mweka hazina kazi anayoichukia, na vocha ya 300,000 imeuzwa bila tangazo.

Ofisi

Kampuni nyingi huwapa wafanyakazi kitu kabla ya sikukuu, na Kenya vocha za supamaketi za mwisho wa mwaka zina mizizi mirefu. Kampuni ya watu 40 ikitoa 50,000 kwa kila mmoja, hiyo ni milioni 2 kwa mazungumzo mamoja. Hata ukipunguza kamisheni hadi asilimia 7 ili upate kazi, ni 140,000, sawa na vocha 28 za rejareja.

Wanaokosa kazi hizi hukosa kwa makaratasi. Ofisi ya Tanzania itataka TIN yako, yaani namba ya mlipakodi, na risiti ya mashine ya EFD. Ya Kenya itataka ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, ambayo tangu 2024 ndiyo inayohitajika ili gharama ikubalike kwenye hesabu za kodi. Kaa na mhasibu mapema mkubaliane kipi ni pato lako na kipi ni hela ya saluni inayopita tu mikononi mwako, kwa sababu anayetoa risiti kana kwamba milioni 2 yote ni yake anaweza kujikuta anadaiwa kodi ya hela ambayo hakuila. Nenda Septemba au Oktoba. Ukienda Desemba bajeti imeshagawanywa.

Hela iliyo kwako ambayo si yako

Vocha iliyouzwa na haijatumika ni deni. Maneno haya kila muuzaji huyakubali akiyasikia, kisha jioni anaangalia salio la simu, anaona milioni 3, anaagiza kadi mpya na kulipia tangazo. Tuseme vocha 60 za 50,000 bado ziko mikononi mwa watu. Hiyo milioni 3 karibu yote ni ya saluni na migahawa, inasubiri tu siku ya kudaiwa. Na madeni haya hayaji polepole: vocha za Desemba hurudi kwa pamoja Januari, wakati mauzo mapya yamekauka. Biashara nyingi za namna hii hufia hapo, zikiwa na wateja wanaozipenda. Hata Starbucks, kampuni ya Marekani ya maduka ya kahawa, yenye kadi zilizojazwa hela za wateja zaidi ya dola bilioni 1, huiandika hela hiyo kwenye vitabu vyake upande wa madeni.

Weka laini au akaunti mbili. Moja inapokea malipo na kutoa kwa wenye huduma tu. Nyingine ni ya kamisheni, na humo ndimo unamoruhusiwa kula.

Uingereza wana kumbukumbu mbili chungu. Oktoba 2006 ilianguka Farepak, kampuni ambayo familia za kipato cha chini ziliichangia kidogokidogo mwaka mzima ili Krismasi zipate vocha na vikapu vya chakula. Watu zaidi ya laki moja walikosa sikukuu, na waliorudishiwa walirudishiwa sehemu tu, baada ya miaka. Januari 2013 duka la muziki la HMV lilipowekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi lilisimamisha kupokea vocha zake, watu wakakasirika, na siku chache baadaye likalazimika kuzikubali tena. Kenya nako supamaketi ya Nakumatt, jina lililoonekana haliwezi kutikisika, lilikwisha mwaka 2020 wadai walipopiga kura ya kulifilisi. Ndiyo maana mwenye huduma asilipwe mapema kwa vocha ambazo hazijatumika, hata akikuahidi punguzo tamu. Akifunga milango, hela iwe bado kwako ili umrudishie mnunuzi au umhamishie mpokeaji kwingine.

Hapo linaingia suala la muda wa vocha. Marekani, sheria ya shirikisho ya 2009 inazuia kadi ya zawadi kuisha muda kabla ya miaka mitano. Ireland iliweka miaka mitano na Australia mitatu, zote mwaka 2019. Kwetu unakuta kadi zenye miezi mitatu, nyingine mwezi mmoja, na baadhi ya wauzaji huhesabu kimoyomoyo zile zitakazosahaulika kama faida. Kwa duka kubwa lenye maelfu ya wateja wasiojuana, hesabu hiyo inaweza kuleta hela. Kwa biashara inayoishi kwa kusifiwa kwenye makundi ya WhatsApp, vocha iliyosahaulika imekupotezea mnunuzi, anayejua kwamba hela yake haikumfikia mtu, na imekupotezea mpokeaji ambaye hakuwahi kukaa kwenye kiti. Toa mwaka mmoja angalau. Miezi miwili baada ya kuuza, kama haijatumika, mpigie mpokeaji umsaidie kupanga siku. Wengi hawajasahau, wanaona haya kupiga simu sehemu wasiyoizoea.

Kuhusu wizi, nitasema machache ya lazima. Usitoe namba ya vocha kwa kuona skrinshoti au ujumbe uliosambazwa. Angalia taarifa ya miamala yako mwenyewe. Namba moja itumike mara moja, na dada wa mapokezi aithibitishe kwako kabla huduma haijaanza, kwa sababu picha ya vocha inaweza kusambazwa kwa watu watano. Malipo ya kadi za benki kutoka nje yachunguzwe zaidi: vocha hupendwa na wenye kadi za wizi kwa kuwa hugeuka kuwa huduma mara moja, na mwenye kadi halisi akilalamika benki yake, hela inarudishwa kutoka kwako. Kwa mnunuzi mpya wa kiasi kikubwa, subiri siku moja mbili na umpigie.

Walio mbali

Wateja wa thamani kubwa zaidi kwa biashara hii wako Minneapolis kule Marekani, Leicester ya Uingereza na Muscat ya Oman. Wanatuma hela nyumbani kila mwezi na wanajua fika kwamba hela ya macho ya baba huishia kwenye bati la mjomba. Hawahitaji kushawishiwa kwamba vocha ni nzuri. Wanahitaji uhakika kwamba kitu kimefika.

Kwa hiyo wauzie uhakika huo. Huduma ikishakamilika, mtumie mnunuzi ujumbe: baba amepimwa leo, miwani itakuwa tayari Ijumaa, tutampelekea. Picha itumwe tu kama baba mwenyewe ameridhia. Tanzania sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, Kenya wana yao tangu 2019, na hata bila sheria mzee ana haki ya kutopigwa picha akiwa kwa daktari. Kwa sababu hiyohiyo, namba ya mpokeaji uliyopewa kwa ajili ya miadi isigeuzwe kuwa ya kumrushia matangazo.

Jipange pia na saa zao. Saa tatu usiku Minneapolis, mtu ametoka kazini na ameketi na simu yake, majira ya joto kwako ni saa kumi na moja alfajiri. Akiuliza na usijibu hadi saa tatu asubuhi, amekwisha kulala. Weka bei, masharti na njia ya kulipa kwa ukamilifu mahali anapoweza kusoma na kumaliza bila wewe, ili ukiamka ukute amelipa.

Na kalenda yao haifanani na yako. Wewe umezoea Siku ya Mama ya Jumapili ya pili ya Mei, ambayo ndiyo ya Marekani pia. Uingereza wanaiadhimisha Jumapili ya nne ya Kwaresima, ambayo mara nyingi huangukia Machi. Nchi nyingi za Kiarabu huiadhimisha Machi 21. Wa Leicester na wa Muscat watakuwa wanaona maua na kadi madukani wakimfikiria mama wa Tanga au wa Mombasa wakati ukurasa wako unazungumzia kitu kingine kabisa. Tangazo lako kwao liwe limetoka mwishoni mwa Februari, na saluni, kliniki na watu wa bodaboda wawe wameshaambiwa kwamba wiki hizo kutakuwa na kazi.